Asilishwe kwa Mdomo

"Sema aa, Mama."

Mama mkwe alisema aa, na sauti ikatoka na majimaji, kama ya mtu anayesukutua. Sista akakirudisha kijiko kikombeni. Maji yenyewe yalikuwa kidogo mno, nusu kijiko cha chai, na mgonjwa alikuwa ameketishwa wima, mito imemkaza mgongoni. Hata hivyo yalikuwa yamemshinda. Kikohozi kilichelewa kuja, na kilipokuja kilikuwa cha mtu ambaye hata nguvu ya kukohoa hana.

"Umeona nini?" aliuliza Mkufunzi. Alikuwa mzee mwembamba wa chuo cha uuguzi, mwenye tabia ya kumsimamia mwanafunzi nyuma na kumpumulia kisogoni.

"Hamezi vizuri. Sauti imebadilika baada ya maji, na kikohozi ni dhaifu. Akipewa chakula kitaingia kwenye mapafu."

"Kwa hiyo?"

"Asipewe kitu kwa mdomo. Awekewe mpira wa puani, alishwe kwa huo, halafu tumpime tena akipata nguvu."

"Hata uji mwepesi?"

"Huo ndio mbaya zaidi. Unakimbia kuliko yeye anavyoweza kuumeza."

Mkufunzi akaguna. Kwa waliomjua, mguno ule ulikuwa sawa na makofi.

Kusema kweli, Sista hakuwa sista bado. Jina hilo alilipata nyumbani siku alipoingia chuo akiwa mtu mzima, mke wa mtu, na ukweni wakacheka wakasema haya, tumepata sista wetu. Kicheko kilikwisha, jina likabaki. Sasa alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu, ule wa vitendo, ambao angeufanya wiki inayofuata katika wodi hii hii mbele ya Matroni na Mkufunzi. Akifaulu, anapata cheti na kazi. Akishindwa, anarudia mwaka, na mumewe alikwisha kumwambia kwa upole wake wote kwamba mwaka mwingine wa chuo nyumba yao haiwezi kuubeba.

Kwa utaratibu hakutakiwa kumhudumia mtu wake. Lakini wodi ilikuwa na vitanda vingi na mikono michache, na Mkufunzi alimtetea, na Matroni, mwanamke mnene asiyependa maneno marefu, akasema: "Mhudumie. Ila siku ukichanganya ukwe na kazi, nakutoa."

Kiharusi kilimwangusha Mama jikoni. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na maneno. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ulimi wake, mwenye jibu la kila mtu na salio la kesho, sasa alibaki na aa na macho.

Mumewe Sista alisimama miguuni mwa kitanda muda wote huo. Alikuwa fundi wa makochi, mtu wa taratibu, vidole vimejaa makovu ya sindano, na hata mkewe alimwita Fundi. Wodini alishika kofia yake kwa mikono miwili kama aliyeitwa polisi.

"Umesikia, Fundi?" Sista alimuuliza. "Hata tone."

"Hata tone," alirudia.

Sista akaandika kwenye kipande cha boksi, kwa herufi kubwa: ASILISHWE KWA MDOMO. Fundi mwenyewe ndiye aliyekifunga kichwani mwa kitanda, kwa uzi wake wa kushonea viti, kwa lile fundo lake lisilofunguka.

Wifi alifika wakati wa kuona wagonjwa. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, msusi mwenye saluni yake, na sauti yake ilizoea kushindana na mashine za kukaushia nywele. Alisoma kile kibao, akautazama mpira uliobandikwa puani mwa mama yake, akamgeukia Sista.

"Mnamlisha puani?"

"Kwa muda tu, wifi. Koo likipata nguvu..."

"Pua ni ya kupumulia. Hata mbuzi analijua hilo."

"Chakula kinafika tumboni kama kawaida. Anashiba."

"Mla ni mla leo, mla jana kala nini! Mama yangu hajaonja kitu ulimini tangu aanguke. Mwangalie anavyoniangalia!"

Ni kweli Mama alikuwa anaangalia. Aliinua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akagusa midomo yake. Akagusa tena. Wifi alipoona vile machozi yalimtoka ghafla, na kwa watu wa aina yake machozi hutoka pamoja na maneno.

"Anaomba chakula. Mama wa watu anaomba chakula, na mwanafunzi anamkataza. Mwanafunzi! Hata cheti huna."

Wodi nzima ilisikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kupiga miayo. Matroni alikuwa karibu na mlango, akajifanya anatazama dripu ya mtu. Sista akasema jambo ambalo mke wa mtu hamwambii wifi mkubwa mbele ya watu.

"Ukimpa, utamuua."

"Haya," Wifi akasema, akijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nimekuwa muuaji."

Fundi alikuwa katikati yao, akiizungusha kofia. Sista aliona, na akampa udhuru, maana mtu akiwa katikati ya dada na mke, aseme nini?

*

Jioni ile Wifi alikuja nyumbani kwao. Hakuja kusalimia. Sista alimtangulia kwa kuomba radhi, kwa sababu mdogo ndiye anayeomba hata akiwa na haki, na Wifi aliipokea radhi ile kama mtu anayepokea chenji pungufu.

"Nataka kujua jambo moja," alisema. "Kijiko kimoja cha uji kinamdhuru vipi mtu?"

"Kaa hapo kwenye kochi, wifi. Egemea. Inua uso utazame dari."

"Ili iweje?"

"Inua tu. Sasa meza mate."

Wifi akajaribu. Koo lilipanda, likakwama, akameza kwa taabu akiwa ameishika shingo.

"Sasa shusha kidevu kifuani. Meza tena."

Safari hii mate yalishuka bila kelele.

"Wewe mzima umepata shida," Sista alisema. "Ukiinua uso, njia ya mapafu inakaa wazi. Mama koo lake limelala upande mmoja. Na shavu la kulia halina habari, chakula kinaweza kukaa humo na yeye asijue. Halafu watu wakimlaza, kinashuka kinakotaka chenyewe."

Wifi alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu Sista aolewe katika nyumba ile, wifi yake alinyamaza mpaka kimya kikasikika. Kisha akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akasema neno moja tu.

"Nimesikia."

Sista alikuwa bado na lile neno la mwanafunzi kichwani. Katika nimesikia ile hakusikia kitu ila ukaidi.

"Atamlisha," alimwambia mumewe mlango ulipofungwa. "Namjua dada yako."

"Dada niachie mimi," Fundi alisema. "Kesho wakati wa kuona wagonjwa nitakaa pale mwenyewe. Hakuna mkono utakaofika mdomoni mwa Mama."

"Unaniahidi?"

"Wewe nawe! Si mama yangu?"

Sista alishusha pumzi. Katika ukoo ule mzima alikuwa na mtu mmoja wa kumwegemea, na alimshukuru Mungu kwamba huyo mmoja ndiye aliyemwoa.

*

Kesho yake, wageni walipofunguliwa mlango, Sista alikuwa mwisho wa wodi, nyuma ya pazia, anasafisha kidonda cha mgonjwa mwingine. Kupitia upenyo wa pazia alimwona Fundi akiingia, kofia mkononi, mfuko umening'inia begani. Akamwona na Wifi akipita na mkoba wake mkubwa, bila kumsalimu mtu. Akajituliza. Fundi yupo.

Kidonda hakiachwi wazi katikati. Alipokifunga na kunawa mikono, wageni walikuwa wameanza kupungua. Kiti cha pembeni ya Mama kilikuwa kitupu.

Alijua kabla hajafika. Pua za Mama zilikuwa zinapanuka kwa kila pumzi, kifua kinakwenda mbio, midomo imeingia rangi ya majivu. Alikuwa amelazwa karibu chali, mto mmoja uko sakafuni.

"Mama, sema aa."

Ilitoka sauti ya maji yanayochemka.

Sista alimwinua, akamwegemeza mbele kifuani kwake, akaita msaada, akamfungua kinywa. Shavu la kulia lilikuwa limejaa uji. Ulikuwa umekaa mle kama ulivyowekwa, bonge zima, na mwenye shavu hana habari. Alizungusha shashi kidoleni akauchota wote, tena na tena, mpaka kidole kikatoka safi. Mashine ya kufyonza ikaletwa, oksijeni ikaletwa, Matroni akaja mbio na daktari nyuma yake. Na shashi zile chafu zikaenda kwenye ndoo pamoja na taka nyingine zote.

Alifanya sawasawa. Pumzi kwanza, mengine baadaye. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ilivyo. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia muuguzi auache uji shavuni mwa mgonjwa ili apate ushahidi.

Mguu wa Matroni ulikigonga kitu chini ya kitanda, kikabingirika. Ilikuwa chupa ya chai, nyekundu, kifuniko chake chenye ufa kimezungushiwa plasta. Wodi nzima iliijua. Sista alinywea chai yake humo kila siku, na wenzake walikuwa wanamtania kwamba hata chupa yake imelazwa, imefungwa bandeji.

Matroni akaifungua, akanusa.

"Uji," alisema.

*

Mama alipotulia kwenye oksijeni na sindano ya dawa, waliitwa ofisini kwa Matroni: Sista, mumewe, na Wifi, ambaye alikuwa ametumiwa habari saluni akaja na povu la sabuni bado liko kwenye kiwiko. Mkufunzi alikuwa amesimama dirishani. Viti havikutosha, Sista akabaki wima.

"Chupa ni yangu," alisema. "Lakini leo sikuja nayo. Niliiacha nyumbani, kabatini."

"Ikatembea," Matroni akasema.

"Sijui ilifikaje. Mimi nilikuwa na mgonjwa wa kidonda."

"Muda wote?"

"Karibu muda wote."

Neno karibu lilimtoka kwa sababu ya ukweli wake wa kijinga, na aliliona linavyotua mezani. Matroni akamgeukia Wifi.

"Wewe?"

"Mimi sikuleta kitu. Nilikaa kidogo, nikamwacha mama na huyu ndugu yangu, nikarudi kazini kwangu."

Huyo! Sista aliwaza. Uongo mkavu, na hata jicho halipepesi. Lakini hakuwa na wasiwasi. Alimgeukia mumewe, kwa uhakika wa mtu anayenyoosha mkono kushika ukuta gizani, anajua upo.

"Mwenzangu, sema. Ulikuwa pale."

Fundi aliitazama kofia yake.

"Dada alipoondoka, na mimi nilitoka," alisema. "Nilikwenda kununua maji."

"Na hii chupa?" Matroni akauliza. "Ilitokaje nyumbani kwako?"

"Mambo ya vyombo anajua mwenyewe."

Sista alidhani hakusikia vizuri. Na huenda angedai arudie, lakini Fundi aliongeza mwenyewe, kwa sauti yake ile ya upole ambayo majirani walimsifia.

"Mke wangu anampenda sana Mama. Pengine huruma ilimzidi."

"Kumbe!" Wifi aliruka kwenye kiti. "Jana umenikalisha kwenye kochi unanifundisha kumeza mate kama mtoto, leo unampa wewe! Ili nini, wifi? Ili sifa za kumponya ziwe zako peke yako?"

Sista alimtazama akashangaa jinsi mtu anavyoweza kuigiza hasira. Akamtazama tena mumewe. Alikuwa bado anasubiri. Hata wakati ule, Mungu ni shahidi, alikuwa bado anamsubiri aseme.

"Nilikutetea," Mkufunzi alisema bila kugeuka kutoka dirishani. "Nilisema huyu anaweza kumhudumia mtu wake na asisahau kazi. Kosa la kutojua ningelifundisha. Wewe ulijua. Ulinieleza mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Mwalimu, sikumlisha."

"Mtihani hutafanya. Utarudia mwaka na wanaokuja, wakikukubali." Akanyoosha mkono. "Beji."

Beji ya mwanafunzi ilikuwa imebanwa kifuani kwa pini. Vidole vya Sista vilikataa. Alihangaika na ile pini mbele yao wote, ikamchoma, ikakwama kwenye uzi wa sare, na hakuna aliyetazama pembeni. Ndipo Fundi alipoinuka. Alikuja, akainama kidogo, na kwa vidole vyake vya kazi aliifungua ile pini kwa kufumba na kufumbua, akaiweka beji kiganjani mwa Mkufunzi.

"Pole," alimnong'oneza mkewe.

*

Njiani walitembea mpaka wakalipita soko.

"Alikuwa Dada," Fundi akasema hatimaye. "Alirudi. Nilipotoka kununua maji nikarejea, nilimkuta anamaliza kumlisha. Chupa aliniomba asubuhi, akasema anataka kubebea chai. Sikujua."

"Kwa nini hukusema?"

"Dada ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ndiye aliyenipeleka kwa fundi nikajifunza kazi. Nikimtaja, mtaa mzima utasema amemuua mama yake. Wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi anakosea, anasamehewa, anarudia."

"Ulisema nyumba haiwezi kuubeba mwaka mwingine."

"Tutajua la kufanya."

"Fundi, mimi sikukosea."

"Najua." Akamshika kiwiko, kwa upendo kabisa. "Ndiyo maana. Nilijua wewe utavumilia."

Kuna matusi ambayo hayana neno baya hata moja ndani yake. Sista aliutoa mkono ule kiwikoni, polepole, akatembea mbele.

*

Mama hakufa. Homa ilimpanda, pafu la kulia likajaa, akakaa kwenye oksijeni mpaka kila mtu akazoea kumwona na mipira usoni. Sista alikatazwa wodi ile. Alikaa nyumbani akifua nguo ambazo zilikuwa safi. Siku ya mtihani alifagia ua mara mbili. Mwenzake mmoja wa chuo alipita kumsalimia akiwa na beji mpya ya muuguzi kifuani, na muda wote wa mazungumzo aliifunika kwa mkono, kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Sista kuliko kama angemringia.

Yeye na Wifi hawakusemeshana. Wakikutana njiani, kila mmoja aliangalia upande wake. Kila mmoja alikuwa na hakika na dhambi ya mwenzake.

Kisha Mama akapimwa, koo likaonekana limepata nafuu, mpira ukatolewa, wakamrudisha nyumbani. Wodini walisema ale kwa kijiko, uji mzito, kidogo kidogo, alishwe na mtu anayejua. Siku hiyo mchana walimketisha kwenye kiti chenye mikono ambacho Fundi alimshonea. Wifi alikuja na uji kwenye bakuli, akauweka mezani, akarudi nyuma.

"Mimi simgusi," alisema akiongea na ukuta. "Mlishaji wake yupo."

"Na mimi simgusi," Sista akasema. "Nimefukuzwa kwa kulisha. Nikimlisha tena wataninyang'anya na cheti cha ndoa."

Wifi alikunja mikono kifuani. Uji ulianza kufanya utando juu.

"Basi ampe mwanawe," Sista akasema. "Kaa, Fundi. Nitakuelekeza."

Fundi alisita. Akasema ana kazi ya mtu, kochi linasubiriwa. Dada yake akamwambia acha uvivu, kaa umlishe mama yako. Akavuta stuli, akakaa mbele ya Mama, akachota uji. Na kabla Sista hajatamka neno la kwanza, mkono wa kushoto wa Fundi ulikwenda wenyewe chini ya taya la Mama, ukaliinua, ukakirudisha kichwa nyuma, kama watu wanavyomnywesha mtoto dawa asiyoitaka.

Macho ya Mama yalitoka. Alifumba midomo ikawa mstari. Mkono wake mzima ulipanda ukausukuma mkono wa mwanawe, uji ukamwagika kifuani, na pumzi zake zikaanza kwenda mbio.

"Hataki kula," Fundi akasema, akiinuka. "Hana njaa."

Mgonjwa asiyesema husema kwa mwili. Hilo Sista aliambiwa siku ya kwanza ya chuo, na aliliandika, na alilisahau nyumbani kwake mwenyewe. Sasa alisimama akimtazama Mama kama anavyotazamwa mgonjwa, kuanzia usoni kushuka. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Wifi," alisema, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa uso tangu siku ile ya ofisini. "Jaribu wewe. Mshushe kidevu. Kijiko kipitie upande wa kushoto."

Wifi alikuja akachota uji. Mama alimwona, akafungua kinywa.

"Subiri ameze. Mwambie aseme aa."

"Sema aa, Mama."

"Aa," Mama akasema. Sauti ilikuwa kavu, safi.

"Mrudishie Fundi kijiko."

"Ya nini tena?" Fundi akauliza.

"Shika."

Alikishika, akakisogeza. Midomo ya Mama ikafumba. Macho yakabaki juu ya ule mkono wenye makovu ya sindano, hayaondoki.

Sista aliutazama na yeye mkono ule. Alikumbuka mfuko uliokuwa begani mwa mumewe siku ile wodini. Alikumbuka kabati. Kabati lao lina ufunguo, na ufunguo unajulikana na watu wawili. Wifi anakaa upande mwingine wa mji. Hiyo chupa ya kubebea chai angekuja kuiomba saa ngapi asubuhi ile? Yote hayo alikuwa nayo tangu mwanzo. Alisoma pumzi za watu asiowajua, akashindwa kumsoma mtu anayelala naye.

"Wifi, siku ile uliporudi wodini..."

"Kurudi wapi? Mimi sikurudi. Nilimkalia Mama, nikayakumbuka yale mate ya kwenye kochi, nikaogopa hata kumpangusa midomo. Nikaenda zangu." Wifi alimtazama ndugu yake. "Si ulisema ulimkuta huyu na kijiko? Si uliniapia?"

"Mimi aliniambia alikukuta wewe," Sista akasema.

Chumba kilikuwa kidogo, na wanawake watatu walikuwa wanamtazama mtu mmoja. Fundi aliketi kwenye stuli yake, bakuli mapajani.

"Alikuwa ananyonya vidole," alisema. "Mama yangu. Dada alipoondoka alianza kunyonya vidole vyake, ananitazama. Nilikuwa nimeuficha uji tangu nyumbani, nikasema nisiutoe. Nikautoa. Nilitaka aonje tu. Alipoanza kukohoa nikaogopa, nikatoka."

"Ukamwacha anakohoa?" Wifi akauliza, taratibu, kama anauliza bei ya kitu asichoamini.

Fundi alikizungusha kijiko bakulini.

Sista alitafuta hasira akaikosa; ilikuwa imepita hapo zamani, ikaelekea kwa mtu asiyehusika. Uji angeusamehe. Uji ule ulikuwa mapenzi, mapenzi ya mtu asiyesikia anachoambiwa, na wodi zimejaa mapenzi ya namna hiyo. Hata hofu angeisamehe. Lakini alikuwa anaiona ile pini. Alikuwa anamwona akiinuka kitini, anakuja, anainama, anamfungua beji kifuani huku anajua. Na lile pole. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kitakupa na pole.

"Nitakwenda kwa Matroni," Fundi alisema. "Nitasema yote. Kesho."

Sista alikichukua kijiko. Alimwambia Wifi aendelee, naye Wifi akaendelea, kijiko kimoja, kidevu chini, aa, kijiko kingine. Bakuli lilipokwisha, Fundi aliinuka kwa haraka ya mtu anayetafuta kazi, akamshika mama yake mabega amlaze.

"Usimlaze," Sista akasema. "Bado. Akae hivyo kwanza chakula kishuke."

Basi wakakaa. Mgonjwa alitakiwa kuwa wima, na wote walibaki pale wakiisikiliza pumzi yake. Baadaye Sista alizungusha kitambaa kidoleni, akamwonyesha Wifi jinsi ya kupitisha ndani ya shavu la kulia. Kilitoka kitupu.

"Kila akila," alimwambia. "Usisahau hata siku moja."

"Sitasahau, wifi."

Akanawa mikono. Akavaa viatu, akachukua mkoba, akasimama mlangoni.

"Matroni yuko kazini mpaka jioni," alimwambia mumewe. "Vaa viatu."

"Nimesema kesho."

"Vaa viatu, Fundi."

"Watu watasema nilitaka kumuua mama yangu."

"Ndiyo. Kama walivyonisema mimi."

Fundi aliinamisha kichwa, na ilikuwa wazi kwamba hatainuka. Viatu vyake vilikuwa kando ya kiti cha Mama, alipovivua. Ndipo Mama alipousogeza mguu wake wa kushoto, ule mzima. Aliusogeza kwa shida, akitazama chini, mpaka ncha ya kidole ikafika kwenye kiatu. Akakisukuma. Kikasota sakafuni, kikasimama mbele ya mwanawe.

Akakisukuma na cha pili.

Fundi aliingiza miguu. Akainama kufunga kamba, na vile vidole vyake, vilivyoifungua pini kwa kufumba na kufumbua, vikawa havijui pa kushika. Vilivuta, vikaachia, vikavuta tena. Sista alikuwa mlangoni, anamtazama. Hakuinama kumsaidia.